Mizani imegoma, hamu imeniishia: niendelee, nipumzike au ninunue dawa?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Dar es Salaam. Nauza vitenge Kariakoo. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nimekaa kwenye kiti nyuma ya meza, nikiinuka ni kumshushia mteja doti. Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaokaa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipimwa afya. Presha ilikuwa 152 kwa 96, nikarudi wiki iliyofuata ikawa karibu vilevile. Sukari kabla ya kula ilisoma 6.4. Nilikuwa na kilo 96, na urefu wangu ni sentimita 160. Daktari alisema sukari haijafikia kisukari lakini imepita kiwango, akanipa miezi mitatu nipunguze mwili, kisha aone kama ataniandikia dawa za presha. Nilitoka pale nikiwa na hofu, kwa sababu mama yetu alifariki kwa kiharusi.

Nilianza siku hiyohiyo. Niliacha ugali, wali, chapati, mihogo, vyote. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana matango na tikiti, usiku supu ya kabichi. Jioni nilikuwa nashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu, natembea. Wiki ya kwanza pekee zilitoka kilo tatu! Hadi mwezi wa nne nilikuwa na kilo 87. Nguo zikanipwaya. Nikapimwa tena: presha 138 kwa 88, sukari 5.8. Daktari akafurahi, akasema dawa tuziache kwanza, niendelee hivyo hivyo.

Tangu hapo mizani imegoma. Nilikuwa nakula kilekile, natembea kulekule, lakini kila Jumatatu 87, Jumatatu nyingine 87 na nusu. Taratibu nikaanza kuchoka. Mchana nakuwa mkali kwa wateja. Usiku watoto wakishalala najikuta jikoni nakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria, au nakula chapati zilizobaki nikiwa nimesimama, bila hata kuhesabu, halafu nalala na hasira. Sasa nina kilo 89. Kupima nimeacha kwa sababu naona aibu. Kutembea nako nimeacha.

Na watu hawanisaidii. Mama mkwe alipokuja aliniangalia akasema, "Mwanangu mbona umekauka, unaumwa nini?" Sokoni nasikia minong'ono, unajua watu wakiona mtu amekonda wanachofikiria. Mume wangu hasemi kitu, ila siku hizi akirudi usiku anakuja na chipsi kuku, ananiwekea mezani. Naona kama hataki nipungue.

Mdogo wangu anaolewa mwezi wa 12. Nilijiwekea lengo nifike kilo 70, uzito niliokuwa nao siku ya harusi yangu, ili sare ya familia inikae. Kuna dada anauza unga wa kuchanganya na maji, shilingi 180,000 kwa mwezi, anasema unatoa kilo kumi ndani ya siku 30 na ni wa mitishamba tu. Pesa ninazo. Roho nyingine inaniambia niache mambo haya yote, nile kama wenzangu, nimeshashindwa.

Nifanye nini ile hamu ya mwanzo irudi? Au mimi ni mvivu tu?

Mama Vitenge, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa uchovu, na pole zaidi kwa hofu unayoibeba tangu ulipompoteza mama. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona ndani yake maswali matatu yamefungwa pamoja: kwa nini mwili umeacha kupungua wakati ulikuwa hujabadilisha kitu, kwa nini hamu imekuishia, na uwafanyie nini watu wanaokuzunguka. Unayaita yote "nimeshindwa". Niruhusu tuanzie kwenye neno hilo, maana hesabu zako mwenyewe zinasema vingine.

Ulianza na kilo 96, leo una 89. Zimetoka kilo 7, yaani zaidi kidogo ya asilimia 7 ya uzito wako. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijawa kisukari, kama yako. Lengo walilopewa lilikuwa hilohilo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Waliofuata mpango huo, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasioufuata. Presha yako imeshuka kutoka 152 hadi 138, na sukari imerudi kwenye kiwango kinachokubalika. Ulichokiendea kwa daktari ulikipata. Kitu ambacho hujafika ni kilo 70, na hizo hazikutoka kwa daktari. Zilitoka siku ya harusi yako, kabla ya watoto watatu. Sisemi uliache lengo hilo. Nakuomba ulitazame tena na ujiulize linamtumikia nani. Kutoka 89 hadi 70 ni kilo 19, na kwa mwendo salama wa nusu kilo kwa wiki unazungumzia wiki 38. Harusi haitasubiri. Mtu akijiwekea tarehe ambayo mwili hauwezi kuifikia, kila Jumatatu itamletea habari mbaya hata kama anafanya vizuri, na sijui mtu ambaye hamu yake hudumu akipokea habari mbaya kila wiki.

Sasa tuje kwenye mizani. Zile kilo tatu za wiki ya kwanza nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha ugali na wali ghafla akiba inatumika, maji yake yanatoka, mizani inaanguka. Ndiyo maana pia ukila ubwabwa kwenye shughuli ya Jumamosi, Jumatatu unakuta kilo moja na nusu zimerudi. Hayo si mafuta. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta unahitaji kula kalori 7,700 hivi juu ya mahitaji yako, na sahani moja ya pilau haifiki hata robo ya hapo. Ulianza kuuhukumu mwili wako kwa kipimo cha wiki ambayo isingeweza kujirudia.

Baada ya hapo kuna jambo la kweli zaidi. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Kwa kila kilo inayotoka, matumizi ya siku hushuka kwa kalori 20 hadi 30 hivi, na njaa hupanda kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini hushuka, na ubongo unaanza kutafuta chakula. Kwa hiyo mlo uliokutoa kilo mwezi wa pili unaweza kukushikilia palepale mwezi wa tano, hata ukiufuata kwa uaminifu. Watu wengi wanaopunguza uzito hufika kwenye mgomo huu wa mizani miezi sita hivi tangu waanze. Wewe umefika mapema kidogo, na nadhani najua sababu.

Uliandika kwamba usiku unajikuta jikoni, na mwishoni unauliza kama wewe ni mvivu. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume wenye afya njema, wakala karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita hivi. Walikuwa wamejitolea, na walijua kwa nini wanafanya hivyo. Hata hivyo walianza kuota chakula, wakawa wakali, wakalamba sahani, na baadhi yao wakakusanya vitabu vya mapishi. Sasa ongeza kwamba wewe unapika kila jioni kwa ajili ya watu wengine wanne, tumboni una tango na chai ya rangi. Ukoko unaoukwangua saa nne usiku ni mlo wa mchana ambao hukuula. Kabla ya kulaumu hamu yako, tazama kwanza mpangilio wa mlo wako wa siku.

Hapo nina shaka na mpango wenyewe. Chai ya rangi, matango, tikiti na kabichi hazina protini ya maana. Mtu akila hivyo miezi kadhaa anapoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ikipungua matumizi ya nishati yanazidi kushuka. Upunguaji wa kasi unaweza pia kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ukiamua kuendelea, ningependa uanze na asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine. Mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa au mtindi usio na sukari hukupa gramu 20 hivi za protini, na unaweza kuongeza kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha usiozidi ngumi yako. Mayai yakikuchosha, kula kikombe kimoja cha maharage ya jana pamoja na nusu ya chapati. Lengo ni kwamba saa saba mchana usiwe unatetemeka.

Mchana uko sokoni na nadhani kuna mama ntilie karibu. Huna haja ya kubeba matango. Mwambie akupakulie wali nusu ya sahani yake ya kawaida, maharage au samaki kama kawaida, mchicha mara mbili, mchuzi wenye mafuta asiumwage juu ya wali. Akikuzoea atakuwa anajua bila kuambiwa. Usiku kaa mezani na familia, ule ugali wao huohuo: nusu ya sahani mboga za majani, robo samaki, dagaa, maharage au nyama, robo ya mwisho ugali wa ukubwa wa ngumi. Chakula ulichojikataza kabisa ndicho unachokila ukiwa umesimama gizani. Kikiwa na nafasi yake kwenye sahani, usiku hakikuvuti hivyo.

Kuna mahali pamoja ambapo kalori hujificha na wapishi wengi hawapaangalii: mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Familia ya watu watano ikimaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 240 za mafuta kwa siku, hajaonja chapati wala kitu chochote cha kukaanga nje. Lita hiyo ikienda wiki mbili, kila mtu amepunguza kalori 120 kwa siku na hakuna aliyelala njaa. Namna ya kufanya ni kuacha kumimina kwa jicho. Weka kijiko ndani ya kabati la mafuta, pima vijiko viwili kwa sufuria ya mboga ya familia, kitunguu kikianza kushika ongeza maji kidogo badala ya mafuta. Kisamvu na matembele ya nazi, tumia tui jepesi zaidi na uliache zito kwa siku ya wageni.

Kuhusu kutembea, usikutegemee kukutoa kilo. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwa mtu wa uzito wako huchoma kalori 150 hivi, ambazo soda moja ya chupa ya mililita 350 inazirudisha. Lakini hushusha presha na sukari hata mizani isipotikisika, na huwasaidia sana watu kulinda uzito walioupunguza. Kwa sababu unakaa saa tisa kwenye kiti, ningeongeza jambo dogo la palepale dukani: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika meza, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Magoti yakilalamika, weka mto ili kiti kiwe juu zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kulinda misuli ya mapaja, ambayo ni kati ya misuli mikubwa zaidi mwilini.

Sasa hamu. Umeniuliza irudi vipi, nami nakushauri usiisubiri. Hamu ya mwezi wa kwanza ilitokana na hofu na ikalishwa na mizani. Hofu imepungua kwa sababu presha imeshuka, na mizani imenyamaza. Vyote viwili vilikuwa lazima vitokee. Kinachobeba watu baada ya hapo ni mazoea, na mazoea huchukua muda mrefu kuliko tunavyoahidiwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha UCL cha London uliofuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya ulikuta kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tabia ijiendeshe yenyewe. Wengine siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa hadi 254. Jambo ninalolipenda zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga kitu. Siku uliyokula chapati tatu haikufuta miezi yako.

Mazoea yanashika haraka zaidi yakifungwa kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu anayepanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kwako inaweza kuwa: nikishapakulia watoto, naweka mabaki kwenye bakuli lenye mfuniko na kuloweka sufuria maji hapohapo. Nikishuka kituo cha kabla, navaa raba zilizo kwenye mkoba. Nikijikuta jikoni usiku, nakaa kwanza, naweka chakula kwenye sahani, nakula nikiwa nimekaa. Chagua moja tu uanze nayo. Ukianza na tatu kwa pamoja, wiki ngumu ya kwanza itaziondoa zote.

Na mizani irudi, lakini ipewe kazi ndogo. Tumia mizani ileile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, ukiwa na khanga tu. Chumvi ya jana, kukosa choo na siku zinazokaribia hedhi vinaweza kuongeza kilo moja hadi mbili za maji, kwa hiyo linganisha wastani wa wiki nne na wastani wa wiki nne nyingine, usilinganishe Jumatatu na Jumatatu. Pamoja nayo chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo. Kiuno kinashauriwa kisizidi nusu ya urefu. Kwa urefu wako, nusu ya sentimita 160 ni 80, na kila sentimita unayosogea kuelekea huko ina maana kwa moyo wako, hata kama kilo zimekwama. Presha ipimwe kila mwezi. Hizi habari tatu kwa pamoja ni nadra sana kuwa mbaya zote siku moja.

Kuna mambo hukuyataja ambayo ningependa kukuuliza. Unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia. Usiiache peke yako, mimba usiyoitarajia na presha havipatani. Mweleze muuguzi, zipo njia nyingine. Unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku? Mtu anayelala kwa muda wa saa tano tu hupata njaa kali zaidi kesho yake. Na kule kula kwa usiku, kama unakula chakula kingi kwa kujificha huku ukihisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki, na hali hiyo imeendelea miezi mitatu, huo ni ugonjwa unaotibika. Unastahili mtaalamu wa afya ya akili akusaidie bila kukulaumu.

Nije kwenye unga. Naelewa mvuto wake: umechoka, pesa ipo, harusi inakaribia. Lakini fikiria kilo kumi ndani ya siku 30 zinatoka wapi. Chai na unga wa aina hii mara nyingi huwa na sanamaki, ambayo inaharisha. Inatoka choo na maji, mafuta yanabaki, na ukiendelea nayo unapoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Kibaya zaidi, nchi nyingi zimekuta dawa iitwayo sibutramini imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Sijui kilichomo ndani ya unga wa huyo dada, na huenda naye hajui. Wewe una presha, na mama yenu alifariki kwa kiharusi. Ukiwa bado unaufikiria, angalia kwanza kama pakiti ina orodha kamili ya viambato na kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha ipeleke kwa daktari kabla ya kuionja. Muuzaji asipokubali kukupa pakiti hadi ulipe, hilo nalo ni jibu.

Kuacha kabisa nako ni njia, na sitakukemea ukiichagua. Utapata raha ya kula bila hesabu na minong'ono itakoma. Hatari yake ni kwamba uzito mwingi hurudi, na presha hupanda nao, kisha huenda dawa zikaanza. Dawa za presha zenyewe si adhabu, wengi wanaishi nazo vizuri. Ila nisingependa uzifikie kwa sababu umejiita mvivu.

Kati ya kuacha na kuendelea kuna njia ambayo hukuitaja: kushikilia. Unaamua kwamba hadi harusi ipite kazi yako ni kubaki kati ya kilo 87 na 90, unakula mlo kamili, unatembea, hujaribu kupungua. Kupumzika huko kunampa mtu nafasi ya kujenga mazoea bila njaa. Tatizo lake ni kwamba kilo hurudi kimyakimya kwa asiyepima, kwa hiyo ungehitaji mpaka: ukizidi 90 kwa wiki mbili mfululizo, unarudi kwenye kijiko cha mafuta na nusu sahani ya wali. Na kama moyo wako unataka kuendelea kupungua sasa, kwa mlo wenye protini na mwendo wa nusu kilo au chini yake kwa wiki, unaweza kufika mwezi wa 12 ukiwa umetoa kilo nne au tano nyingine. Itakuwa polepole, na mgomo mwingine wa mizani utakuja. Sijui ipi kati ya hizi inakufaa, kwa sababu sijui wiki yako ina nafasi kiasi gani. Wewe unajua.

Kuhusu sare, kanunue kitambaa sasa lakini upimwe wiki tatu kabla ya shughuli. Mwambie fundi aache sentimita 3 za kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, kila upande. Ukipungua atabana, ukiongezeka atafungua. Gauni lije kwenye mwili wako wa siku hiyo.

Mumeo umemsomea nia ambayo hajaitamka. Huenda kweli anapenda ulivyokuwa. Huenda ameona mke mkali, mchovu, anayekula kabichi, na chipsi kuku ndiyo namna yake ya kukubembeleza. Huenda naye amesikia minong'ono na ana hofu asiyoweza kuisema. Haya matatu yanahitaji mazungumzo tofauti, kwa hiyo muulize mkiwa wawili, watoto wamelala, na si usiku ule alioleta chipsi. Mweleze presha ilivyokuwa na ilivyo sasa, kwa namba. Kisha mpe kazi: kuku akitaka alete, tena mapema, aliwe na familia, chipsi ziwe za Jumamosi. Mtu aliyepewa namna ya kusaidia mara nyingi huacha kuharibu, ingawa siwezi kukuahidi.

Kwa mama mkwe, kunyamaza kwako kunaacha nafasi ya watu kujaza wanachotaka. Sentensi moja inatosha: "Mama, siumwi, daktari alinikuta na presha akaniambia nipunguze mwili, na imeshuka." Kwa mkwe wako isemwe kwa heshima na mapema, ikiwezekana mumeo awepo. Sokoni hudaiwi maelezo. Ukitaka kuwaambia wawili unaowaamini, watawafikishia wengine. Kuna gharama pia: ukisema wazi, kila sahani yako itakaguliwa kwenye kila shughuli. Pima kipi kinakuchosha zaidi.

Wiki hii ningefurahi ufanye jambo moja tu, lolote utakaloamua kuhusu mengine: nenda ukapimwe presha na sukari, maana vipimo vya mwezi wa nne vimeshapitwa. Nenda asubuhi kabla ya kula, kaa dakika tano kabla ya kupimwa mkono, usiwe umekunywa kahawa. Sukari ikisoma 7.0 au zaidi itarudiwa siku nyingine kabla ya kusema ni kisukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi mwambie daktari ukweli wote wa mlo wako, pamoja na usiku. Ukipata majibu na ukitaka niandikie tena, ukiyataja pamoja na kipimo cha kiuno, tutaanzia hapo.